Mtoto Haitiki: Ni Mkaidi, au Hatujamfundisha?



Naishi kwa dada yangu hapa Gisozi, karibu na Agakiriro, ambako mashine za maseremala hulia tangu asubuhi. Dada akiwa kazini, mimi hubaki na mwanawe wa miaka miwili na nusu. Jioni moja, nikijiandaa na mtihani wa fiqhi, nilimpigia kelele kutoka chumbani: "Acha hiyo, okota viatu, viweke mlangoni, njoo unawe!" Hakufanya hata moja. Nikapandisha sauti. Tangu hapo nikimwita, anajificha nyuma ya pazia. Iliniuma. Mchana nasoma malezi ya Kiislamu, jioni mtoto ananikimbia.

Nikarudi kwenye hadithi tunazozijua.

Umar bin Abi Salama (R.A.) alilelewa na Mtume (S.A.W.). Alipokuwa mdogo, mkono wake ulikuwa ukizunguka sahani nzima. Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba Mtume alimwelekeza ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho karibu naye. Tuzingatie: alikuwa naye pale pale kwenye chakula, maneno yalikuwa machache, na aliambiwa la kufanya.

Anas bin Malik (R.A.) naye alitumwa, akapita kwa watoto wanaocheza sokoni. Katika Sahihi Muslim, Mtume alimjia kwa nyuma, akamshika kisogo huku akicheka, akamuuliza kama amekwenda alikotumwa. Anas akajibu kuwa ndiyo anakwenda. Hakukaripiwa, na wala ile kazi haikusahauliwa.

Kutokana na hayo, nimebadilisha mambo manne:

1. Namfuata alipo, nachuchumaa, namwita jina, nangoja aniangalie.

2. Naomba jambo moja tu, kwa maneno yale yale anayotumia mama yake: "Zana inkweto." Akileta viatu, ndipo nasema la pili.

3. Nahesabu moyoni hadi tano kabla ya kurudia. Asipoanza, namshika mkono tunafanya pamoja.

4. Akimaliza, namshukuru. Simwahidi pipi nisiyokuwa nayo. Katika Abu Dawud imepokewa kuwa mama mmoja alimwita mwanawe ampe kitu. Mtume akamuuliza atampa nini, akasema tende. Akamwambia kuwa asingempa chochote, angeandikiwa uongo.

Tukumbuke pia kuwa mtoto huyu hajafikia umri wa kubeba taklifu. Nilichokiita ukaidi kilikuwa mzigo wa maneno manne kwa mpigo kutoka kwa mtu asiyemwona. Lakini mtoto ambaye hageuki hata akiitwa jina kwa karibu, apelekwe kituo cha afya apimwe masikio. Asigombezwe.

Sasa haendi tena kwenye pazia. Mara nyingine analeta kiatu kimoja, anasimama, ananitazama. Nasema, "Na kingine, mjomba." Anarudi kukifuata.

Mwenyezi Mungu atujaalie upole kwa wadogo zetu. Wabillahi tawfiq.