Maji ya Bombani na Watu wa Mlimani
Somo kwa kamati za parokia: vijiji vya Uluguru



Katika mitaa yetu ya Kinondoni na Temeke suala la maji halihitaji maelezo marefu. Mama wa Tandale au wa Mbagala anajua bei ya dumu la lita 20 siku mabomba yanapokauka, na anajua kwamba bei hiyo hupanda siku hiyohiyo. Swali ambalo kamati zetu hazijiulizi mara nyingi ni hili: maji hayo yanapokuja, yanatoka kwa nani? Tunauliza “kwa nani” kwa makusudi, kwa sababu kwenye chemchemi zake wanaishi watu.

Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959, na ule wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, mwaka 1976. Baada ya upanuzi wa miaka ya 2010, mitambo hiyo miwili ina uwezo wa kuzalisha lita milioni 466 kwa siku. Mto wenyewe unaanzia katika milima ya Uluguru mkoani Morogoro, kiasi cha kilometa 200 kutoka hapa, ambako vilele vinapita mita 2,600. Mwishoni mwa mwaka 2022 mvua zilipochelewa na mto kupungua, DAWASA ilitangaza mgao wa maji. Lawama nyingi ziliwaangukia wakulima na wafugaji walioko juu ya mto. Katika somo hili tunataka kuitazama lawama hiyo taratibu, hasa upande wa wakulima, maana kamati ikiibeba hivihivi itaandika mradi mbovu.

Tuanze na maisha ya kijijini. Uluguru si mahali pa njaa ya kila siku kama wengi wanavyodhani wakisikia “kijiji cha mbali”. Upande wa mashariki, kama Kinole na Matombo, yapo migomba, mananasi, mafenesi, mdalasini na karafuu. Upande wa Mgeta, ambako ni baridi, wanalima kabichi, njegere, karoti na viazi, na tangu miaka ya 1980 wanafuga mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway waliopelekwa kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Sokoine. Kabichi tunayonunua Kariakoo na mkungu unaopigiwa bei Mahakama ya Ndizi pale Mabibo, mara nyingi vimetoka huko.

Tatizo ni njia. Kutoka vitongoji vya juu mzigo hushuka kwa kichwa, na wabebaji wengi ni akina mama. Pikipiki zimesaidia palipo na barabara, lakini mvua za masika zikianza, udongo huteleza na mahali pengine barabara hukatika kabisa. Mtu aliyebeba ndizi kwa saa kadhaa hawezi kuzirudisha juu kwa sababu bei ni mbaya. Mnunuzi anajua hivyo. Naye wa mboga anakutana na lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu ambalo linalipwa kama gunia moja, ijapokuwa sheria ya vipimo inakataza. Ndiyo maana tunasema kwamba mkulima huyu anazalisha, lakini bei anapangiwa na watu wa chini. Njia hiyohiyo ndiyo anayopitishwa mama mjamzito aliyeshindwa kujifungua, akiwa kwenye machela iliyobebwa na vijana wanne wanaopokezana.

Sasa tufike kwenye miti, kwani ndiyo inayopendwa na waandishi wa miradi. Kamati ikisikia “mlima umechakaa” wazo la kwanza ni kupeleka miche. Tunaomba hapa tusimame kidogo. Waluguru wanarithi kwa upande wa mama, na ardhi kwa desturi ni ya ukoo. Mwanamume akioa mara nyingi hulima shamba la ukoo wa mkewe. Wapo pia wanaoazima shamba kwa ukoo mwingine na kutoa malipo madogo ya heshima yanayoitwa ngoto. Mwazimaji anaweza kulima mahindi au maharage, lakini kwa desturi haruhusiwi kupanda miti ya kudumu, kwa sababu mti ni dai la umiliki. Leo amepanda mkarafuu, kesho wajukuu zake watasema shamba ni lao. Basi ukimpa mtu huyo miche hamsini, itakaukia uani kwake, na taarifa yetu itaandika kwamba wananchi hawakuwa na mwamko. Mwamko wanao. Aliyestahili kuulizwa kwanza ni mkuu wa ukoo, na pengine wazee wa kike wa ukoo huo.

Kosa la namna hii limewahi kufanyika kwa ukubwa wa kutisha. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia yake ilikuwa kuhifadhi udongo na maji. Lakini kazi ilikuwa ya amri, ilikula siku za kulima, na mahali pengi matuta yalifukua udongo wa chini usio na rutuba. Mwezi Julai 1955 wananchi walikusanyika Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Wazee wa Uluguru wameisimulia habari hiyo kwa watoto wao, na mgeni anayefika leo na neno “matuta” hajui anagusa kidonda gani.

Siku hizi amri zipo za namna nyingine. Tangu 2008 misitu ya juu ni hifadhi ya mazingira asilia, na hakuna kulima ndani yake. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Hatuzipingi sheria hizi, kwani bila msitu ule hakuna Ruvu. Lakini mlima wenye kijito katika kila bonde, meta 60 kila upande ni eneo kubwa, tena ndilo lenye unyevu wakati wa kiangazi. Mama aliyekuwa na bustani pale analipia maji yetu kwa chakula chake, bila risiti.

Jaribio la kulipa deni hilo limewahi kufanyika. Kuanzia 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliandaa mpango katika vijiji vya Kibungo Juu, ambapo wakulima waliotengeneza ngazi, kupanda miti na kuchanganya mazao walilipwa kulingana na eneo walilohudumia. DAWASCO ya wakati huo na kampuni ya vinywaji ya Coca-Cola walikubali kuchangia. Malipo kwa kaya moja yalikuwa madogo, na wenye mashamba makubwa walifaidi zaidi. Hata hivyo tunaona wazo lilikuwa sahihi: watu wa chini walikaa meza moja na watu wa juu wakiwa wateja. Mwaka 2022 serikali ilitia saini mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda. Bwawa litahifadhi maji ya masika, ila udongo ukiendelea kushuka kutoka mlimani utaishia humo.

Kabla ya kikao chenu kijacho, tunawaomba mjadili mambo machache. Fedha tunazotaka kupeleka mlimani, tumewahi kuuliza kama zingefaa zaidi kwenye kalavati moja la njiani kuliko kwenye miche elfu? Shamba tunalotaka kupanda miti ni la nani, na aliyetujibu ni nani: mwenyekiti wa kijiji, mwazimaji, au wenye ukoo? Na mfanyabiashara wa ndizi au mboga aliyeko katika jumuiya yetu hapa mjini, ananunua kwa mizani au kwa lumbesa?