Gunzi mkononi: nilivyokalia tatuu ya pili bila kuzimia

Tatuu yangu ya kwanza nilichorwa nikiwa na njaa. Nilitoka Mbebe alfajiri, pikipiki mpaka kwenye barabara ya magari, kisha gari la abiria hadi Tunduma, na tumboni sina kitu zaidi ya kikombe cha kahawa. Mjini nikakutana na jamaa zangu wawili, wakanishauri nitoe woga kwa pombe kali kidogo. Nikautoa. Saa tano asubuhi nimelala ubavu kwenye kitanda cha fundi, jina la marehemu baba linaandikwa mbavuni. Kufika herufi ya tatu masikio yakaanza kuvuma, jasho la baridi likanitoka, na taa ya fundi nikaiona inakwenda mbali. Nakumbuka sauti yake tu: "Mpeni soda huyo."

Nikiisingizia sindano nitakuwa naionea. Tumbo tupu, usingizi wa saa tatu, pombe kichwani na mbavu, yaani sehemu inayouma kuliko karibu zote mwilini: kila kosa nililitafuta mwenyewe. Pombe haikunisaidia hata kidogo. Damu ilitoka zaidi, wino ukawa unasukumwa nje, fundi akawa anafuta na kurudia palepale alipokwisha kupita. Kurudia huko ndiko kunakouma.

Niliporudi nyumbani bibi alikuwa amekwisha kupata habari, sijui kwa nani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Nasikia ulikwenda mjini kulipa hela uchomwe."

Bibi ana chale kando ya macho, mistari midogo miwili kila upande, alizochanjwa utotoni kwa ajili ya kichwa kilichokuwa kinamsumbua. Wembe, halafu masizi. Nikamuuliza kama alilia. Akasema alilia sana, lakini asubuhi yake walimlisha uji mzito mpaka akashindwa kuinuka, ndipo wakamshika. Akaniuliza mimi nilikula nini. Nikanyamaza.

Kwa hiyo nilipoamua kuchora ya pili, tawi la mbuni lenye punje chache, maana kahawa ndiyo iliyonilipia ada, nilianza na chakula. Jana yake nililala mapema kwa shangazi pale Tunduma. Asubuhi nikala viazi na maharage, chai yenye sukari, maji ya kutosha, kahawa nikaiacha kwa sababu inanitetemesha mikono. Nikabeba chupa ya soda na ndizi mbili. Nikavaa sweta zito lenye mkono mpana unaokunjika vizuri, kwa kuwa ilikuwa Juni, na anayeijua baridi ya Tunduma ya mwezi huo anajua ninachosema. Mtu anayetetemeka hukaza misuli, na mwili uliokazwa unauma zaidi. Halafu fundi hawezi kuchora mstari ulionyooka kwenye mkono unaocheza.

Mahali pa kuchora pana uzito kuliko ujasiri wako. Sindano inaingia kama milimita moja hadi mbili, mpaka kwenye ngozi ya ndani ambako neva zipo. Penye nyama kidogo na mfupa karibu, kama mbavuni, kwenye mtulinga, kifundo cha mguu na juu ya unyayo, unasikia mtetemo wa mashine mpaka kwenye meno. Kwapani, nyuma ya goti na ndani ya kiwiko ngozi ni laini mno. Bega kwa nje, paja kwa nje na mkono upande wa nje kuna unafuu. Mara hii nilichagua mkono kwa nje, chini ya kiwiko. Kama ni mara yako ya kwanza, anzia huko, tena kitu kidogo. Mbavu hazikimbii.

Sasa dawa. Aspirini iache, inazuia damu kuganda, na zile za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni nazo si za kumeza kabla ya kuchorwa. Ukiwa na dawa unayotumia kila siku kwa ushauri wa daktari, usiikatishe kwa ajili ya tatuu, muulize kwanza. Parasetamoli haileti shida hiyo ya damu, lakini kwa sindano yenyewe nafuu yake ni ndogo. Mimi naiweka kwa ajili ya usiku.

Dawa ya ganzi ya kupaka ndiyo kila mtu huniuliza. Ndani yake kwa kawaida kuna lidokaini. Inafanya kazi, ila inataka ipakwe mapema, kama saa nzima kabla, na ikiisha nguvu katikati ya kazi maumivu yanarudi yote kwa pamoja, kama mtu aliyefunguliwa mlango. Ipo pia hatari ambayo wauzaji wa mitandaoni hawaitaji. Machi 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu dawa za namna hii zenye lidokaini zaidi ya asilimia 4 zinazouzwa kwa watu wanaochora tatuu. Ukiipaka kwenye eneo kubwa, au juu ya ngozi iliyochubuka, kisha ukaifunika kwa nailoni, inaweza kuingia mwilini kwa wingi ikavuruga mapigo ya moyo, ikaleta degedege na kubana pumzi. Nenda kwa mfamasia, uliza kama imesajiliwa na mamlaka yetu ya dawa, TMDA, soma asilimia iliyoandikwa, na mwambie fundi kabla hujapaka. Tyubu isiyo na maandishi ya kueleweka irudishe kwa mwenyewe. Mimi mara ya pili sikutumia.

Nilitumia gunzi.

Nililiokota uani kwa shangazi, gunzi kavu la mahindi ya msimu huo, nikalitia mfukoni bila kujua hasa nalitakia nini. Fundi alipowasha mashine nikalishika kwa mkono wa pili na kulibana. Vile vishimo vyake vikali vinavyobaki punje zikishapukuchuliwa vikaingia kwenye kiganja, na nikawa na kitu kingine cha kusikia. Kumbe kuna maelezo yake. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango, na hisia za mguso na mkandamizo zinaweza kulifunga kiasi, ujumbe wa maumivu ukapita kwa shida. Ndiyo maana ukijigonga ugoko unausugua hata kabla hujatukana. Sina uhakika kama kubana gunzi mkono wa kushoto kunafunga lango la mkono wa kulia au kunanipotezea mawazo tu. Vyovyote vile, lilinifikisha.

Dakika kumi za mwanzo ndizo mbaya. Ni kama paka anakukwaruza palepale ulipoungua na jua. Wengi hukataa kuendelea hapo, na ni hasara, kwa sababu baada ya hapo mwili unatoa dawa zake wenyewe na unaanza kuzoea. Nilichojifunza ni kutoa pumzi polepole kila mstari unapoanza, na kuvuta fundi anapochovya wino. Ukibana pumzi unajikaribishia kizunguzungu. Dirishani niliona malori yakisubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, nikawa nayahesabu: ya mafuta, ya makontena, lililobeba gari lingine mgongoni. Nilifika thelathini na tisa, fundi akasema mistari imekwisha, tupumzike.

Mapumziko usione haya kuyaomba. Kunywa soda, nyoosha mgongo, nenda chooni. Kivuli kinachojazwa ndani ya mchoro kinauma kwa namna tofauti na mistari, hakikati, kinachoma, na kikipita juu ya ngozi iliyokwisha kuvimba, dakika tano zinakuwa ndefu. Mimi baada ya saa mbili sina ustahimilivu tena. Kazi kubwa igawe siku mbili. Na ukianza kusikia masikio yanavuma, sema hapohapo, usisubiri kuonekana mwanaume: lala chali, miguu juu, kitu chenye sukari ukishapata fahamu vizuri.

Kabla ya yote hayo, hakikisha sindano mpya inatolewa kwenye pakiti mbele ya macho yako, glovu mpya, wino umemiminwa kwenye kikombe chako peke yako. Homa ya ini na virusi vya UKIMWI havina gunzi. Na kama unawaza kuomba kazi polisi, soma tangazo lao la ajira kwanza. Hawataki mwenye mchoro mwilini.

Maumivu ya baadaye hakuna aliyeniambia. Ile ya mbavuni nilirudi nayo kwa pikipiki siku hiyohiyo, kila shimo la njia likawa linanichora upya, vumbi linanifuata. Ya mkono nililala mjini, nikameza parasetamoli mbili, nikaosha kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato, nikapaka mafuta ya mgando kidogo sana. Shambani sikugusa jembe kwa wiki mbili; bibi alinisema, lakini udongo na jasho kwenye kidonda kibichi ni kuomba usaha. Baada ya siku chache kuwasha ni kawaida. Ikipwita, ikiwa ya moto na nyekundu inayosambaa, hapo ni zahanati.

Wiki ya tatu nilipita kwa fundi kumwonyesha ilivyokauka. Kitandani alikuwa dereva mmoja wa lori, kafumba macho, kidole gumba kinasugua kitu ndani ya ngumi. Chini ya meza palikuwa na mfuko wa salfeti, nusu umejaa magunzi.

"Kila mteja na lake," fundi akasema bila kuinua kichwa. "Akimaliza anaondoka nalo."