Misingi na Majukumu ya Usimamizi wa Biashara: Mifano ya Kisii na Nyamira kwa Mwanafunzi wa Sekondari

Utangulizi

Somo la Biashara katika shule za sekondari nchini Kenya hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Kisii au Nyamira huyakariri majukumu ya meneja, akayaandika katika karatasi ya mtihani na kupata alama. Jioni anaporudi nyumbani hupita kando ya kituo cha kununulia majani chai, ambapo majukumu yayo hayo yanatekelezwa, wala asiyatambue. Makala haya yanadhamiria kuyafafanua kwa Kiswahili kwa kutumia mifano ya kaunti hizo mbili. Hoja inayotetewa ni kwamba misingi ya usimamizi si migeni kwa jamii hii wala kwa Kiswahili. Kinachohitaji kushughulikiwa ni istilahi, ambazo bado hazijatulia.

Dhana ya Usimamizi

Istilahi tatu aghalabu hutumiwa kwa kubadilishana: utawala, uongozi na usimamizi. Nchini Tanzania neno menejimenti limezoeleka pia. Hata hivyo, maneno haya hayalingani. Utawala hudokeza mamlaka juu ya watu au nchi. Uongozi ni kuonyesha njia. Usimamizi unatokana na kitenzi simama katika kauli ya kutendea, yaani simamia: kusimama kwa ajili ya kazi fulani hadi ikamilike. Kwa mintarafu ya biashara, usimamizi ni kuelekeza watu, fedha, vifaa na wakati ili lengo lililowekwa litimie bila kufuja mali.

Majukumu ya Msimamizi

Henri Fayol, mhandisi wa migodi kutoka Ufaransa, alichapisha mwaka 1916 maandishi yaliyoyagawa majukumu haya katika makundi matano: kupanga, kuunda mpangilio, kuamuru, kuratibu na kudhibiti. Viwanda vya chai vya Kebirigo na Nyansiongo katika Nyamira, pamoja na Kiamokama na Nyamache katika Kisii, vinaweza kuyadhihirisha yote. Wanahisa wa viwanda hivyo ni wakulima wadogo, nayo KTDA, iliyoanzishwa na serikali mwaka 1964 na kubinafsishwa mwaka 2000, ndiyo iliyokabidhiwa usimamizi.

(a) Kupanga. Jani la chai likishachumwa huanza kunyauka, wala halimngoji mtu. Ndiyo maana siku za kuchuma, saa za kupima na safari za lori huamuliwa mapema. Waswahili husema, "Mipango si matumizi." Methali hii haidharau mipango, inamkumbusha msimamizi kwamba hali hubadilika, na mpango usioacha nafasi ya mvua au barabara mbovu ni mpango nusu.

(b) Kuunda mpangilio. Hili ni kuainisha kazi na kumkabidhi kila mhusika mpaka wake: mchumaji, karani wa mizani, dereva, fundi wa mitambo. Hapa lugha huleta utata, maadamu kupanga humaanisha pia kuviweka vitu katika taratibu. Mwalimu akisema "meneja hupanga wafanyakazi", mwanafunzi hajui kama anaambiwa habari ya kesho au ya nafasi za watu kazini. Yafaa basi neno mpango litengwe kwa jukumu la kwanza na mpangilio kwa la pili.

(c) Kuamuru. Mchumaji huelekezwa achume majani mawili na chipukizi. Amri hii hutiiwa vyema anapoelezwa sababu yake: jani lililokomaa hushusha ubora wa chai, na ubora ukishuka bei hushuka.

(d) Kuratibu. Wachumaji wakimaliza saa nane na lori likafika usiku, kila mmoja ametimiza wajibu wake na jani limeharibika. Kuratibu ni kuhakikisha kwamba kazi njema za watu mbalimbali zinakutana kwa wakati.

(e) Kudhibiti. Neno la Kifaransa alilolitumia Fayol lina maana ya kukagua, ilhali kudhibiti kwa Kiswahili hudokeza kubana. Tofauti hii si ndogo. Mkulima hulipwa fedha za awali kila mwezi kulingana na kilo alizopeleka, kisha hulipwa bonasi baada ya hesabu za mwaka kufungwa. Wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa, wa Kisii na Nyamira wakiwemo, wamelalamika mara kwa mara kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki. Anayeelewa kudhibiti kuwa ni kubana atadhani kwamba jukumu hili ni la wakubwa pekee. Anayelielewa kuwa ni kukagua atajua kwamba mwanahisa naye ana haki ya kuuliza: kilo ngapi zilipimwa, chai iliuzwa kwa bei gani mnadani Mombasa, na kiwanda kilitumia kiasi gani kwa kuni, umeme na mishahara? "Mali bila daftari hupotea bila habari."

Misingi ya Usimamizi

Fayol aliorodhesha misingi 14. Miwili inatosha kuonyesha namna ya kuifundisha.

Wa kwanza ni mgawanyo wa kazi. Huko Tabaka, kaunti ya Kisii, kinyago cha mawe ya sabuni hupita katika mikono mingi: kuna achimbaye jiwe, achongaye, asuguaye kwa msasa na maji, na atiaye rangi na kung'arisha. Kila mmoja huongeza ustadi kwa kurudia kazi moja. Kabla ya vitabu vya biashara kufika, Abagusii walikuwa na risaga, ambapo majirani walialikana kulima au kujenga, mwenyeji akaandaa chakula na kinywaji. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wa pili ni umoja wa amri: mtendaji mmoja apokee maagizo kwa mkubwa mmoja. Mji wa Keroka umekaa mpakani mwa Kisii na Nyamira. Baada ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka 2013, pande hizo mbili zilivutana kuhusu nani akusanye ushuru mjini humo. Mchuuzi wa ndizi anayedaiwa na wakusanyaji wawili hahitaji kufafanuliwa msingi huu. Kiswahili kiliusema zamani kwa lugha ya baharini: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba majukumu na misingi ya usimamizi inafundishika kwa Kiswahili bila kupunguza uzito wake. Yanapendekezwa mambo mawili. Kwanza, wanafunzi wa Kiswahili vyuoni washirikiane na walimu wa Biashara kusanifisha istilahi chache za msingi, hasa mpango, mpangilio, uratibu na ukaguzi. Pili, mwanafunzi wa sekondari apewe zoezi la kutembelea kituo cha chai, karakana ya vinyago au soko, ayatambue majukumu matano na kuyaeleza kwa maneno yake. Wengi wa wanafunzi hao ni watoto wa wanahisa wa viwanda vya chai, na huenda kesho wakarithi hisa hizo. Wakiifahamu lugha ya usimamizi, wataweza kuisoma taarifa ya hesabu ya kiwanda chao na kusimama mkutanoni kuuliza swali linalostahili.