Mada ya 9: Jinsi Injini Inavyopumua – Briza ya Tapeti Kava kwenye Injini ya EFI

Ukimaliza mada hii uweze kueleza njia ya gesi ndani ya injini, kutabiri kinachotokea briza inapofungwa vibaya, na kutofautisha valvu iliyoziba na ringi zilizokwisha. Jambo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa sababu mwenye gari anayepewa jibu lisilo sahihi huuziwa injini nzima wakati tatizo lilikuwa kifaa kinachoenea mkononi.

Kwa nini injini ipumue

Hakuna ringi inayoziba silinda kikamilifu. Kila mchanganyiko unapolipuka, kiasi kidogo cha gesi hupenya pembeni mwa pistoni na kushuka kwenye chumba cha krenki, juu ya oili. Tutaziita gesi za mvujo. Ndani yake mna petroli ambayo haijaungua, hewa ukaa na mvuke wa maji. Usishangae kuhusu maji. Rudi kwenye Kemia:

2C₈H₁₈ + 25O₂ → 16CO₂ + 18H₂O

Ukikokotoa kwa uzito, utaona kwamba lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Mengi hutokea ekzosi, lakini yaliyopita kwenye ringi hubaki na oili. Teksi inayozunguka Ngamiani hadi Raskazone, safari ya dakika chache kisha kuzima, haipati joto la kutosha kuyachemsha maji hayo. Ukifungua kizibo cha oili utakuta povu zito la rangi ya maziwa. Wapo wanaokimbilia kusema gasketi ya silinda hedi imeungua. Huenda ikawa hivyo, lakini kwanza uliza maji ya rejeta yanapungua au la. Kama hayapungui, chunguza mfumo wa kupumua.

Gesi za mvujo zisipotolewa, mgandamizo hupanda, na oili hutafuta pa kutokea: kwenye sili ya krenki, gasketi ya tapeti kava au tundu la kijiti cha kupimia oili. Kubadilisha sili bila kuondoa mgandamizo ni kazi ya bure, maana sili mpya nayo itavuja.

Kutoka bomba la wazi hadi PCV

Injini za zamani zilikuwa na bomba lililoning'inia chini, likitoa gesi hizo barabarani. Los Angeles ilipozidiwa na ukungu wa moshi, mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba petroli isiyoungua ilichangia kuutengeneza. Mwaka 1961 jimbo la California nchini Marekani liliagiza mfumo wa PCV, unaorudisha gesi za mvujo kwenye silinda ziunguzwe. Ndio uliopo leo kwenye magari mengi ya petroli yanayotoka Japani, likiwemo lile unalopanda kwenda Muheza.

Njia mbili

Mara nyingi tapeti kava ina matundu mawili. La kwanza lina valvu ya PCV na mpira unaokwenda kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, baada ya throto. La pili lina mpira unaokwenda kwenye bomba la hewa, kati ya kichujio na throto.

Injini ikiwa kwenye silensa (inawaka bila kukanyagwa moto), throto imefunga na manifoldi inavuta kwa nguvu. Valvu ya PCV hubana njia na kuacha upenyo mdogo. Gesi hutoka kwa tundu la kwanza, na hewa safi huingia kwa tundu la pili. Kwenye mwendo wa wastani, tuseme Tanga kwenda Segera, mvuto hupungua, valvu hufunguka zaidi na gesi nyingi zaidi hupita. Dereva akikanyaga moto wote, kama kwenye mlima wa Mombo kwenda Lushoto, mvuto hubaki kidogo sana huku gesi za mvujo zikiongezeka. Hapo tundu la pili hugeuka: badala ya kuingiza hewa, linatoa gesi, nazo humezwa na throto. Ndiyo maana gari la milimani huwa na oili kidogo ndani ya bomba la hewa. Utando mwembamba si ugonjwa. Oili iliyotuama ni ugonjwa.

Tena, moto ukirudi nyuma kwenye manifoldi, valvu hujifunga ili usifike kwenye chumba cha krenki. Watahiniwa wengi husahau kazi hii.

Hewa iliyohesabiwa

Hapa ndipo EFI inapoachana na kabureta. Zingatia kwamba mpira wa tundu la pili umechomekwa baada ya kichujio na, kwenye gari lenye sensa ya wingi wa hewa, baada ya sensa hiyo. Kwa hiyo hewa inayopita ndani ya tapeti kava imekwisha kuhesabiwa, na kontroli boksi imeitolea petroli yake.

Sasa fundi anang'oa mpira huo na kuweka briza ndogo yenye kichujio juu ya tapeti kava, kwa sababu inapendeza. Valvu ya PCV ameiacha. Hewa sasa inaingia kwa briza, inapita juu ya oili, inavutwa na valvu hadi kwenye manifoldi, na sensa haijaiona. Kama ameacha wazi pia tundu la kwenye bomba la hewa, hapo nako inaingia hewa isiyohesabiwa, tena isiyochujwa. Kwenye barabara za vumbi, vumbi hilo hula kuta za silinda, na mtu aliyetaka injini ipumue vizuri anaishia kuzimaliza ringi.

Gari linalotumia sensa ya mgandamizo wa manifoldi halikosei hesabu kwa namna hiyo, kwa kuwa hewa ya ziada huongeza mgandamizo na sensa huusoma. Silensa inaweza kupanda, lakini petroli hufuata. Usiandike kwenye mtihani kwamba kila injini ya EFI itakosa petroli. Taja aina ya sensa.

Mfano wa hesabu

Injini ya lita 1.5 yenye mipigo minne inazunguka mara 750 kwa dakika. Mgandamizo wa manifoldi ni theluthi moja ya ule wa nje. Puuza mabadiliko ya joto.

Silinda hujazwa mara moja kila mizunguko miwili: 750 ÷ 2 = 375.
Ujazo kwa dakika: 375 × 1.5 = lita 562.5.
Hewa halisi, kwa mgandamizo wa nje: 562.5 ÷ 3 = lita 187.5.

Tuseme lita 20 kati ya hizo zinapitia kwenye briza. Sensa inaona 167.5 tu na petroli inatolewa kwa uwiano wa 14.7 kwa 1. Uwiano halisi: 14.7 × 187.5 ÷ 167.5 = 16.5 kwa 1 hivi. Mchanganyiko ni mwembamba na silensa inatetemeka. Sensa ya oksijeni itajaribu kurekebisha. Ikifika kikomo chake, taa ya injini inawaka. Kwenye moto mwingi lita 20 hizohizo ni sehemu ndogo ya hewa yote, kwa hiyo gari linaweza kukimbia vizuri na kusumbua kwenye taa za barabarani tu.

Swali la mtihani na jibu

Gari linavujisha oili kwenye sili na linatoa moshi kwenye tundu la kizibo cha oili. Dereva ameambiwa ringi zimekwisha, anunue injini nyingine. Utachunguza nini kabla ya kukubali?

Jibu: Nitachomoa valvu ya PCV kwenye tapeti kava nikiuacha mpira wake, niwashe injini na kuziba mdomo wa valvu kwa kidole. Nisiposikia mvuto, valvu au mpira umeziba. Nitazima, nichomoe valvu na kuitikisa. Nzima hulia kwa kugonga. Nikishabadilisha kilichoziba, nitarudia kutazama moshi. Ukiendelea, nitapima kompresheni ya kila silinda, kisha nitie oili kidogo kwenye silinda yenye namba ndogo na kupima tena. Namba ikipanda wazi, ringi zimekwisha. Isipopanda, nitachunguza valvu za hedi na gasketi yake.

Maswali ya kujipima

1. Chora njia ya gesi injini ikiwa (a) kwenye silensa (b) imekanyagwa moto wote.
2. Rudia hesabu ya juu kwa injini ya lita 2.0 inayozunguka mara 700 kwa dakika, briza ikipitisha lita 20.
3. Fundi ameziba tundu la manifoldi kabisa na kuweka briza mbili juu ya tapeti kava. Silensa imetulia. Eleza kitakachoipata oili ya teksi ya mjini baada ya miezi kadhaa.