SOMO: TUKICHANGIA UPASUAJI, TUHESABU NA NJIA YA KURUDI



Siku hizi karibu kila kikundi tunachotembelea tunakuta kadi ya harambee mezani. Kuna mtu anahitaji upasuaji, foleni ya hospitali ya serikali ni ndefu, na jamaa wameamua kujilipia hospitali ya binafsi. Hakuna ubaya. Shida ni kwamba kadi ile huandikwa hesabu moja tu, ile ya hospitali.

Mama mmoja wa kikundi tunachokijua vizuri alitolewa uvimbe kwenye mfuko wa uzazi huko Nairobi. Tulichanga shilingi 160,000, bili ikalipwa yote, makofi yakapigwa. Siku ya nne akaruhusiwa. Mweka hazina alikuwa amebaki na nauli ya watu wawili, basi. Wakapanda gari la usiku, masaa nane barabarani, kiti cha nyuma kabisa juu ya tairi. Nyumbani hakuna aliyekuwa amepangwa kuchota maji, na siku ya tisa mama akainua mtungi mwenyewe. Kidonda kikafunguka. Gharama ya kukitibu ilimtoa ng'ombe wake wa maziwa. Sisi tulikuwa kwenye kamati ile, na hatukuuliza hata swali moja juu ya kurudi.

Kwa hivyo, kabla ya kuweka tarehe, mtume mtu hospitalini akaombe bei kwa maandishi. Aulize bei hiyo inabeba nini: dawa ya usingizi, kitanda, damu, kupimwa kwa nyama iliyotolewa, dawa za kwenda nazo, na siku ya kurudi kuonwa na daktari. Halafu aulize lile swali ambalo watu huona haya kuliuliza: kukitokea shida na mgonjwa akalazwa tena, nani analipa? Mara nyingi jibu ni nyinyi. Tunashauri mweke kando kama robo ya bei, isiguswe. Hiyo robo ni kipimo chetu tu, si sheria.

Ulizeni pia habari ya SHA, ambayo ilichukua mahali pa NHIF Oktoba 2024. Kujiandikisha peke yake hakutoshi, ni lazima mchango uwe umelipwa, na hospitali iwe na mkataba nao. Hata ikilipa sehemu tu ya bili, ni mzigo umepungua.

Tukija kwenye safari. Bima ya lazima ya matatu au basi ni ya ajali. Mshono ukifunguka njiani, au mgonjwa akianza kutokwa damu, bima hiyo haimhusu. Afadhali alale kwa jamaa karibu na hospitali mpaka aonwe mara ya kwanza, na pesa za chakula cha huyo jamaa ziwe kwenye hesabu. Siku ya kusafiri asafiri mchana, kiti cha mbele ya tairi la nyuma, na mkanda afunge. Kitambaa laini kinaweza kuwekwa kati ya mkanda na tumbo. Ashuke atembee kidogo kila gari linaposimama, na anywe maji. Kukaa muda mrefu baada ya upasuaji kunaweza kugandisha damu mguuni, na hatari hiyo hudumu wiki kadhaa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla na kifua kuuma, msingoje asubuhi. Ni hospitali mara moja.

Wako wanaopelekwa India. Hao wanahitaji viza ya matibabu, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na tikiti inayoweza kubadilishwa tarehe. Bima nyingi za safari hazilipii upasuaji uliopangwa wala matatizo yanayotokana nao, kwa hivyo someni karatasi kabla ya kulipa. Baada ya upasuaji mkubwa wa tumbo au kifua, kwa kawaida hungojwa kama siku kumi kabla ya kupanda ndege, na daktari ndiye anayeamua.

Nyumbani ndipo kikundi kina nguvu kuliko pesa. Aliyepasuliwa tumbo hukatazwa kuinua vitu vizito kwa wiki sita hivi, na mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Andikeni majina: nani wa maji, nani wa kuni, nani wa kukamua. Wanaume nao waandikwe, jameni. Kama ugonjwa unaweza kungoja, tarehe isiangukie wakati wa kupanda au kupalilia. Ugonjwa usioweza kungoja usingojeshwe kwa sababu ya mahindi.

Mkikutana, jadilianeni: Kadi yetu ya mwisho ya matibabu ilikuwa na hesabu gani, na iliacha nini? Kutoka hapa mpaka dispensari ya karibu usiku, gari ni la nani, na tumeshakubaliana naye bei?