Somo la Familia: Mdogo Wetu Naye Ahesabiwe

Masomo: 2 Samweli 4:4, 2 Samweli 9, Yohana 9:1-3



Mwezi huu tunajifunza habari za Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Sisi wakimbizi tunapaswa kumwelewa upesi, maana ulemavu wake aliupata katika kukimbia. Alikuwa na miaka 5. Habari mbaya za vita zilipofika, yaya wake alimbeba akakimbia naye, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Wangapi kati yetu tulitoka Kongo, Burundi au Somalia na watoto mgongoni hivyo hivyo?

Miaka ikapita. Daudi akamtafuta kwa ajili ya Yonathani, aliyempenda kama ndugu, akamketisha mezani pake. Angalieni mstari wa mwisho wa sura ya 9: anakula mezani pa mfalme siku zote, na miguu yake bado imelemaa. Daudi hakungoja apone kwanza.

Sasa tuje kwetu Nakivale. Katika Juru, Rubondo na Base Camp tunawaona watoto wenye wadogo zao wasioweza kutembea wala kusema. Kaka ndiye anayejua kwamba mdogo wake akifumba macho amekataa, na akicheka kwa sauti fulani anataka kutolewa nje. Wenzake wakiuliza, "Huyu anasemaje?" yeye anawatafsiria, kifua mbele. Lakini mgeni akiingia na kuuliza, "Mama, una watoto wangapi?" wengine tunajibu watatu, na wa nne yuko nyuma ya pazia. Kwenye karatasi ya familia ya ukimbizi hatusahau kumwandikisha! Kaka anasikia hesabu zote mbili. Uganda ilipoanza elimu ya msingi bila ada mwaka 1997, kila familia iliruhusiwa watoto 4, na mwenye ulemavu alitangulizwa. Serikali ilimhesabu wa kwanza.

Baadhi ya watoto hawa wana mtindio wa ubongo. Ubongo uliumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au muda mfupi baadaye: mtoto alichelewa kulia, au alipata manjano kali, homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Hauambukizi. Wanafunzi walimwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yule kipofu au wazazi wake. Akakataa yote mawili. Basi tuache kumwuliza mama swali lile lile bombani.

Mtoto wa namna hii asilishwe akiwa amelala chali, chakula huweza kuingia mapafuni. Aketishwe wima, blanketi lililokunjwa limshikilie ubavuni, apewe kidogo kidogo. Kaka yake anaweza kulijifunza hili vizuri sana. Huko Mbarara, katika Hospitali ya Misheni ya Ruharo, kuna kituo cha OURS kinachohudumia watoto wenye ulemavu. Ulizeni habari za rufaa kwenye kituo cha afya kilicho karibu nanyi.

Hapa tuseme wazi. Mtoto wa miaka 10 anayeachwa nyumbani kila siku kumlinda mdogo wake, mama yuko shambani na daftari limekaa bure, mwisho atamwona mdogo wake kuwa mzigo, hata kama anampenda. Daudi hakumwachia mtu mmoja kazi ya Mefiboshethi. Alimwagiza Siba amlimie mashamba, yeye na wanawe 15 na watumishi wake 20. Sisi hatuna watumishi, lakini majirani tunao, na Mama wa Kanisa wapo.

Katika vikundi vya nyumbani wiki hii tuulizane: ni nyumba gani mtaani kwetu ina mtoto asiyeonekana kanisani? Nani atakaa naye Jumanne, na nani Alhamisi, ili kaka yake aende shule? Na Jumapili waje wote wawili. Tukitaka kujua mdogo anasema nini, tumwulize kaka.