Nguo za Kupandia Baiskeli Wakati wa Joto

Mkulima akipanda baiskeli huwa na mizigo miwili. Mmoja umefungwa kwenye keria, na wa pili ameuvaa mwilini. Ule wa kwanza huuangalia sana, akaukaza kwa mipira na kamba. Lakini ule wa pili huutwaa wowote unaoning'inia msumarini. Mwezi huu twataka kuzungumza habari za mzigo huo wa pili, kwa maana katika nchi ya Garissa joto la mchana hupita digrii 35 mara nyingi, na hapo nguo mbaya yaweza kumwangusha mtu kabla tairi halijapata pancha.

Chukua mfano wa Hagadera. Tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992, soko lake limekuwa kubwa, na watu hufika pale kununua na kuuza, wengine kwa miguu, wengine kwa mikokoteni ya punda, wengine kwa baiskeli. Kutoka hapo mpaka mji wa Dadaab ni kilomita 10 hivi. Si mbali, lakini njia ni ya mchanga, na gurudumu likizama mchangani ni lazima ukanyage kwa nguvu zote. Miti ya kivuli ni haba.

Sasa angalia mwili wako unavyofanya kazi. Unapokanyaga pedali, karibu robo tu ya nguvu zinazotumiwa na misuli ndiyo huisukuma baiskeli. Robo tatu zilizobaki hugeuka kuwa joto. Kwa hiyo wapigwa na joto la jua kwa nje, na joto lako mwenyewe kwa ndani. Mwili hujiokoa kwa kutoa jasho. Lita 1 ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa joto la kutosha kuchemsha lita 7 za maji ya mtungi. Mtu anayefanya kazi ngumu juani aweza kutoa lita 1 kwa saa moja, hata zaidi.

Lakini shika neno hili: jasho hupoza mwili linapokauka tu. Jasho linalodondoka chini halikusaidii kitu, wala jasho lililonaswa ndani ya shati la nailoni. Hapo umepoteza maji na joto umebaki nalo. Basi unapochagua nguo, usiulize kwanza kama ni nyepesi au kama ni ya bei. Uliza: jasho langu litatokea wapi?

Jambo la pili ni kwamba joto si la namna moja. Wakati wa kiangazi hewa ya Hagadera ni kavu. Jasho hukauka upesi hata wewe mwenyewe hulioni, ila chumvi nyeupe mgongoni. Wakati huo adui mkubwa ni jua, na nguo iliyofunika mwili ni bora kuliko mwili ulio wazi. Vaa mikono mirefu, nguo pana, ya pamba nyembamba iliyofumwa vizuri. Kijana anayevua shati ili apate upepo ajidanganya. Ngozi yake inapokea jua lote.

Mvua zikianza, kati ya Machi na Mei na tena kati ya Oktoba na Desemba, mambo hubadilika. Hewa hujaa unyevu, jasho halikauki, shati hugandamana na mgongo. Mkulima wa mashamba ya kumwagilia kando ya Mto Tana, kama vile Bura au Hola, ajua hewa nzito ya asubuhi juu ya mifereji. Hali kadhalika mwenzake wa Mpeketoni, aliye karibu na bahari. Katika hewa ya namna hii upepo wa mwendo ndio msaada wako, na nguo yafaa iuache upite. Pamba nzito, kama jinzi, hunywa jasho na kukaa nalo kutwa nzima. Huwa nzito, na mshono wake huchubua mapaja. Ni ajabu kidogo kuwaambia haya wakulima wa Bura, ambako skimu yenyewe ilianzishwa kwa ajili ya pamba, lakini kosa si la pamba bali ni la uzito wa kitambaa. Pamba nyembamba yafaa sana. Hata zile jezi za mpira wa miguu zilizofumwa kwa vitundu vidogo, ambazo hupatikana katika mitumba, si mbaya wakati wa unyevu, kwa sababu hazinywi maji na hukauka upesi. Hunuka upesi pia.

Ukiwa mbele ya rundo la mitumba, waweza kupima kitambaa papo hapo. Kikaze mbele ya mdomo, weka kiganja upande wa pili, kisha puliza. Usiposikia pumzi mkononi, kirudishe. Kisha kiinue juani. Ukiona umbo la mkono wako waziwazi, jua nalo litapita. Shati hilo ni la jioni, si la saa saba za mchana.

Watu hubishana sana juu ya rangi. Ni kweli kwamba nyeusi hupokea joto kuliko nyeupe. Lakini mwaka 1980 wataalamu waliandika katika jarida la Nature habari za majoho ya Mabedui. Walimpima mtu aliyesimama juani jangwani, mara kwa joho jeusi, mara kwa jeupe, wakaona kwamba joto lililoifikia ngozi lilikuwa sawa. Sababu ni upana: hewa ilipita kati ya nguo na mwili, ikalichukua lile joto la ziada. Basi mama aliyevaa buibui jeusi pana asichekwe na kijana aliyevaa fulana nyeusi ya kubana, maana mwenye taabu ni yule kijana. Ukiweza kuchagua, twaa kaki au nyeupe. Lakini upana ni bora kuliko rangi.

Upana nao una hatari yake, nayo ni cheni. Suruali pana huingia kati ya cheni na meno, na mtu huanguka pamoja na mzigo. Kata ukanda wa tyubu kuukuu, funga mguu wa kulia juu ya kifundo, usikaze mno. Mwenye kikoi akipandishe na kukikunja kiunoni, avae kaptura ndani. Ukimpakia mama nyuma, naye amevaa dira au mtandio mrefu, mwambie akusanye pindo zote mapajani kabla hujaanza mwendo. Mtandio ukishikwa na njiti za gurudumu huvuta shingo, na jambo hilo limekwisha kuua watu katika nchi nyingi. Kipande cha wavu au cha debe kilichofungwa kando ya gurudumu la nyuma ni kinga nzuri.

Miguuni, kandambili huteleza kwenye pedali. Akala zenye ukanda wa nyuma zafaa zaidi.

Kichwani vaa kofia yenye ukingo, au kilemba cha kitambaa chepesi. Wakati wa kiangazi kiloweshe maji na kuacha ncha yake ifunike shingo. Kitakupoza vizuri sana. Wakati wa unyevu usipoteze maji kwa jambo hilo, kwa kuwa hakitakauka. Yanywe.

Mwenzako akianza kuumwa kichwa, akatapika au kuyumba, mteremshe, mweke kivulini, mpe maji kidogo kidogo. Akisema maneno yasiyoeleweka, au akizimia, usimpe kitu mdomoni. Mfungue nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepee bila kuacha, na huku mwingine akatafute gari la kumpeleka hospitali. Usingojee apate nafuu kwanza, maana joto la ndani likifika digrii 40 laweza kuharibu ubongo.

Mwisho, nguo ya baiskeli ifuliwe kila siku, japo kwa maji machache bila sabuni. Chumvi ya jasho hukaza kitambaa na kuleta vipele makwapani na mapajani. Mashati mawili yatosha: moja likiwa kambani, lingine liwe njiani.